Hifadhi ya Pamoja kwa Seva za Biashara Ndogo: Kupunguza Gharama Bila Kuhatarisha Kumbukumbu

Matini ya mazungumzo kwa wenye biashara ndogo na za kati, wasimamizi wa zahanati, shule na vyama vya akiba na mikopo, pamoja na mafundi wa kompyuta katika kaunti



Mazungumzo haya yanaanzia katika chumba ambacho wateja hawakioni. Ni kile chumba cha nyuma, mara nyingi karibu na stoo, chenye kompyuta moja inayounguruma mchana na usiku. Chukueni mfano wa zahanati ya binafsi katika mji mdogo. Kompyuta hiyo moja ina orodha ya wagonjwa, majibu ya maabara, hesabu za duka la dawa na stakabadhi za malipo. Jumatatu asubuhi, wakati foleni imefika mlangoni, diski inakufa. Karani anaanza kuandika kwa kalamu. Mama aliyekuja kuchukua dawa za shinikizo la damu anaulizwa alikuwa akimeza dawa gani na kwa kipimo gani, naye hakumbuki. Fundi anafika saa nane mchana, na jambo la kwanza analouliza ni, "Nakala iko wapi?"

Duka la vifaa vya ujenzi likikwama hivyo hupoteza mauzo. Chama cha akiba na mikopo kikikwama, wanachama huanza kunong'ona kuhusu pesa zao. Kwa zahanati, kinachopotea kinaweza kuwa afya ya mtu. Ndiyo maana suala hili, ingawa linasikika kama la mafundi peke yao, linamhusu kila mkazi ambaye jina lake limo ndani ya kompyuta fulani ya chumba cha nyuma.

Seva pepe ni nini

Zamani kila kazi ilikuwa na kompyuta yake: moja ya uhasibu, nyingine ya dawa, nyingine ya kuhifadhi mafaili. Leo kompyuta moja yenye nguvu inaweza kugawanywa ndani kwa ndani ikawa kama kompyuta kadhaa. Kila moja hujiona iko peke yake, ina mfumo wake wa uendeshaji na programu zake. Hizo huitwa seva pepe. Programu inayozigawa na kuzisimamia huitwa haipavaiza, na kompyuta inayozibeba zote huitwa mwenyeji.

Faida yake iko wazi. Badala ya kununua kompyuta nne, mwenye biashara hununua moja au mbili, na stima pia hutumika kidogo. Lakini faida hiyo imebeba hatari: seva nne zikikaa ndani ya mwenyeji mmoja, mwenyeji huyo akianguka zote nne huanguka pamoja naye.

Jambo lililowasukuma wengi kulifikiria upya suala hili ni bei ya leseni. Novemba 2023 kampuni ya Broadcom ilikamilisha ununuzi wa VMware, iliyokuwa jina kubwa zaidi katika kazi hii, na mwezi uliofuata uuzaji wa leseni za kudumu ukasimamishwa. Wateja wakatakiwa kulipia kwa kipindi. Biashara nyingi ndogo duniani zilianza kutazama njia nyingine. Mojawapo ni Proxmox, programu kutoka Austria iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2008, ambayo mtu anaweza kuitumia bila kulipa leseni na kulipia tu iwapo anataka msaada wa kitaalamu. Nyingine ni XCP-ng. Wenye Windows Server nao wana Hyper-V ndani yake.

Hifadhi ya pamoja hufanya kazi gani

Seva pepe, ukiitazama kwa undani, ni faili kubwa tu lililolala kwenye diski. Faili hilo likiwa kwenye diski ya ndani ya mwenyeji wa kwanza, mwenyeji wa pili hawezi kulifikia wenzake wakizima. Hapo ndipo wazo la hifadhi ya pamoja linapoingia. Diski huwekwa nje ya wenyeji wote wawili, katika chombo kinachofikiwa kupitia mtandao wa ofisi. Mwenyeji wa kwanza akiharibika, wa pili hulichukua lile faili na kuwasha seva pepe upya, mara nyingi kwa dakika chache. Hata siku ambayo hakuna kilichoharibika, fundi anaweza kuhamisha seva pepe kutoka kwa mwenyeji mmoja kwenda kwa mwingine ikiwa inaendelea kufanya kazi, akasafisha vumbi au kuongeza kumbukumbu ya RAM bila karani kujua.

Kwa miaka mingi hilo lilikuwa jambo la benki na kampuni kubwa, kwa sababu lilihitaji mtandao maalumu wa nyuzi na vifaa vya bei kali. Mambo yalibadilika kwa hatua. Utaratibu uitwao NFS, uliotengenezwa na kampuni ya Sun Microsystems katika miaka ya 1980, uliwezesha kompyuta kutumia mafaili ya kompyuta nyingine kupitia mtandao. Mwaka 2004 ukachapishwa rasmi utaratibu wa iSCSI, ambao hufanya diski iliyo mbali ionekane kama imefungwa ndani ya seva yenyewe, ikipita kwenye kebo na swichi za kawaida. Tangu hapo, hifadhi ya pamoja ikaanza kufikiwa na mfuko wa mfanyabiashara wa kawaida.

Sanduku moja ni hatari moja

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mwenye biashara huambiwa anunue seva mbili na sanduku moja la hifadhi, naye hulala akiamini kila kitu sasa kiko viwili viwili. Sivyo. Wenyeji ni wawili, lakini sanduku ni moja, na data yote imo humo. Sanduku likiungua, wenyeji wote wawili hubaki wamewaka wakiwa hawana cha kuendesha. Hatari haikuondolewa, ilihamishwa tu kutoka kwa seva hadi kwenye sanduku.

Wauzaji wa sanduku hujibu kwamba lina diski nne, na moja ikifa nyingine huendelea. Ni kweli kuhusu diski. Lakini sanduku lina pia kifaa cha umeme, bodi kuu na programu yake, na vitu hivyo katika masanduku ya bei ya chini huwa ni kimoja kimoja. Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu. Katika hifadhi ya data msemo huo unafaa neno kwa neno.

Hesabu ya saa kabla ya hesabu ya shilingi

Kabla ya kuomba bei, kila mwenye biashara ajiulize maswali mawili. La kwanza: biashara inaweza kukaa saa ngapi bila kompyuta? La pili: ikirudi, inaweza kuvumilia kupoteza kazi ya muda gani? Dakika 15? Nusu siku? Siku nzima?

Tuseme duka linauza bidhaa za shilingi 60,000 kwa siku ya saa 10. Hiyo ni shilingi 6,000 kwa saa. Kukaa saa 4 bila kompyuta ni mauzo ya shilingi 24,000 yaliyo hatarini, na si yote hupotea, kwa kuwa wateja wengine watasubiri au watarudi. Kwa duka kama hilo, seva moja nzuri, ya pili ya akiba na nakala za kila usiku huenda zikatosha. Zahanati yenye wodi ya kulaza wagonjwa ina hesabu tofauti. Chama cha akiba na mikopo kinachohudumia wanachama siku nzima hakiwezi kukubali miamala ya asubuhi yote ipotee. Majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yanayochagua njia, wala si tangazo la muuzaji.

Njia tatu za bei nafuu

Njia ya kwanza ni sanduku la hifadhi lililotengenezwa tayari, lile ambalo mafundi huliita NAS. Lina nafasi ya diski mbili, nne au zaidi, halili stima nyingi, na huendeshwa kupitia ukurasa rahisi. Linaelewa NFS na iSCSI. Linafaa kwa biashara isiyo na fundi wa kudumu. Udhaifu wake umeshaelezwa: ni moja. Anayelichagua anunue pia la pili, hata dogo zaidi, la kupokea nakala, na alikalishe chumba kingine.

Njia ya pili ni kuchukua seva iliyotumika, zile za ex-UK zinazouzwa kwa sehemu ndogo ya bei ya mpya, na kuweka juu yake programu ya bure ya hifadhi kama TrueNAS, ambayo ilianza mwaka 2005 kwa jina la FreeNAS. Programu hiyo hutumia mfumo wa mafaili uitwao ZFS, ambao huhakiki kila kipande cha data kinaposomwa na kugundua kilichoharibika kimyakimya kwenye diski. Pia unaweza kuhifadhi picha ya data jinsi ilivyokuwa saa fulani, ili karani akifuta faili kwa bahati mbaya lirudishwe. Njia hii hutoa uwezo mkubwa kwa pesa chache, lakini seva kuukuu hula stima nyingi, hupiga kelele na hutoa joto. Diski zinunuliwe mpya hata kama seva ni ya mtumba, na fundi awe mtu anayejua anachofanya.

Njia ya tatu ni kutonunua sanduku kabisa. Kila mwenyeji hubaki na diski zake, na wawili hao hunakiliana data. Ndani ya Proxmox, wenyeji wanaotumia ZFS wanaweza kupelekeana mabadiliko kila baada ya dakika 15, na muda huo unaweza kupunguzwa. Hyper-V ina uwezo kama huo uitwao Hyper-V Replica, wenye chaguo la sekunde 30, dakika 5 au dakika 15. Mmoja akifa, mwingine huwasha nakala yake, na kinachopotea ni kazi iliyofanywa tangu nakala ya mwisho. Kwa asiyeweza kupoteza hata muamala mmoja kuna programu kama DRBD, ambayo inaweza kuandika kila jambo kwa wenyeji wote wawili kabla ya kuthibitisha kwamba limeandikwa; hiyo inahitaji fundi mzoefu. Mfumo wa Ceph nao ni mzuri, ila unaanzia wenyeji watatu, na kwa biashara ndogo mara nyingi ni mzigo.

Kwa biashara nyingi zenye seva mbili, njia hii ya tatu ndiyo yenye faida zaidi. Bei ya sanduku huokolewa, na data huwa kweli iko mahali pawili.

Ina sharti moja. Wenyeji wawili wakipoteza mawasiliano kwa sababu kebo imechomoka, kila mmoja anaweza kudhani mwenzake amekufa, wote wakawasha seva ileile na kuandika mambo tofauti. Ni kama madereva wawili kushika usukani wa matatu moja. Dawa yake ni akidi, kama ilivyo katika mkutano: uamuzi haupiti bila kura za kutosha. Wawili hawawezi kuvunja sare, kwa hiyo huwekwa shahidi wa tatu. Shahidi huyo hahitaji kuwa seva. Kompyuta ndogo ya bei ya chini kama Raspberry Pi inatosha. Gharama ni ndogo, lakini ikisahaulika, hasara inaweza kumeza kila kilichookolewa.

Diski, kebo na stima

Diski ya kuzunguka yenye mizunguko 7,200 kwa dakika hufanya takriban shughuli 80 hadi 100 za huku na huku kwa sekunde. Diski za SSD hufanya maelfu kwa makumi. Seva pepe tano zikigombea diski chache za kuzunguka, kila mtu ofisini atalalamika kwamba mtandao uko chini ilhali tatizo ni diski. Data ya programu za uhasibu na wagonjwa iwekwe kwenye SSD. Diski za kuzunguka zibaki kwa mafaili makubwa na nakala. SSD ziwe za daraja la seva, zenye kinga dhidi ya stima kukatika ghafla.

Jinsi diski zinavyopangwa nayo ina uzito. Diski nne za terabaiti 4 zikipangwa kwa RAID 5 hutoa terabaiti 12, na kwa RAID 10 hutoa 8. Wengi huchagua 12 kwa sababu ni nyingi. Lakini katika RAID 5 kila uandishi mdogo hugeuka kuwa kazi nne za diski, hivyo diski nne za kuzunguka huandika kwa kasi inayokaribia ya diski moja. Katika RAID 10 kila uandishi ni kazi mbili. Kwa seva pepe, terabaiti 8 zenye kasi zina thamani kuliko 12 zinazojikokota.

Kebo ya mtandao ya gigabiti 1 haiwezi kupitisha zaidi ya megabaiti 125 kwa sekunde. Kwa wenyeji wawili wanaonakiliana, kadi mbili za gigabiti 10 na kebo moja inayowaunganisha moja kwa moja huondoa msongamano bila kununua swichi kubwa. Mawasiliano ya hifadhi yatengwe pia na Wi-Fi ya wateja.

Halafu kuna stima. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikaa gizani, na kukatika kwa muda mfupi ni jambo la kawaida katika wadi nyingi. Hifadhi inayozimwa ghafla wakati inaandika inaweza kuharibu data yake. Kwa hiyo UPS si pambo. Iunganishwe kwa waya wa USB ili betri ikikaribia kwisha iziamuru seva zijizime kwa utaratibu: seva pepe kwanza, wenyeji baadaye, hifadhi mwisho. UPS isiyounganishwa hivyo huahirisha tu ajali kwa dakika kumi.

Hifadhi ya pamoja si nakala rudufu

Karani akifuta orodha ya wagonjwa, kufutwa huko hunakiliwa kwa uaminifu hadi kwa mwenyeji wa pili. Mhalifu akifunga mafaili kwa programu ya kuteka data, mafaili yaliyofungwa hunakiliwa vilevile. Januari 2022 programu ya aina hiyo iliyoitwa DeadBolt ilishambulia masanduku ya hifadhi yaliyokuwa yameachwa wazi kwenye intaneti, katika nchi mbalimbali. Wengi wa waliopatwa walikuwa watu wa kawaida na biashara ndogo waliotaka tu kufikia mafaili yao wakiwa nyumbani. Sanduku la hifadhi lisifunguliwe moja kwa moja kwenye intaneti kamwe.

Kanuni inayokubalika ni ya 3, 2, 1: nakala 3 za data, katika vyombo vya aina 2, na 1 kati yake ikae mahali pengine. Pengine panaweza kuwa tawi la pili, huduma ya wingu, au diski mbili za nje zinazobadilishana zamu, moja ofisini na moja imefungiwa kwingine, huku data ikiwa imesimbwa ili mwizi asiisome. Hakikisheni nakala moja haifikiki kwa nywila ileile ya kila siku. Na nakala isiyowahi kujaribiwa isihesabiwe. Kila baada ya miezi mitatu fundi arejeshe seva moja pepe kutoka kwenye nakala, aiwashe pembeni, na mhasibu athibitishe kwamba hesabu zimo.

Yapo matakwa ya sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazitambua taarifa za afya kuwa data nyeti, na inamtaka mwenye kuzishika azilinde. Data ya watu ikifikiwa na asiyeruhusiwa na kukawa na hatari ya kweli ya kuwadhuru, Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 tangu tukio kujulikana. Kumbukumbu za kodi nazo zinatakiwa kutunzwa kwa miaka 5. Diski iliyokufa haipunguzi wajibu huo.

Maswali ya kumuuliza fundi

Kabla ya kulipa, mwenye biashara ambebeshe fundi maswali haya, naye ayajibu kwa maandishi:

1. Kifaa gani kimoja kikifa leo kitasimamisha kila kitu?
2. Kazi itarudi baada ya muda gani, na tutapoteza kazi ya dakika ngapi?
3. Kama wenyeji ni wawili, shahidi wa tatu yuko wapi?
4. Nakala iliyo nje ya jengo hili iko wapi, na mara ya mwisho ilijaribiwa lini?
5. Wewe ukihama mji, nywila na maelezo ya mfumo yatabaki na nani?

Swali la tano wengi hulisahau. Maelezo hayo yachapishwe, yatiwe kwenye bahasha, na yafungiwe pamoja na hati muhimu za biashara.

Kurudi kwa ile zahanati: ikiwa na wenyeji wawili wanaonakiliana kila baada ya dakika 15, shahidi mdogo pembeni, UPS inayojua kuzima kwa utaratibu na diski ya nakala nje ya jengo, Jumatatu ile ingekwenda vingine. Mfumo ungesimama kwa dakika chache. Karani angeandika majina machache kwa kalamu, kisha skrini ingerudi. Na yule mama angepata dawa zake kwa kipimo chake, akaenda zake nyumbani bila kujua kwamba kuna kilichoharibika.